Pampu ya paani inawaka na kuzima kila sekunde 8, na mkataba wa sevisi tunalipa kila mwezi. Mbovu ni pampu, fundi au mkataba?

#1 Katibu wa Ghorofa

Wakuu salaam. Jengo lipo Upanga, Dar, ghorofa 9, flati 36, limekamilika 2019. Chini kuna kisima cha lita 60,000, juu ya paa matenki manne ya lita 5,000 kila moja. Ghorofa za chini zinapata maji kwa mteremko tu. Ya 7, ya 8 na ya 9 zimekaribiana mno na matenki, hazina presha, kwa hiyo paani kuna pampu mbili za kuongeza presha, kilowati 1.1 kila moja, fezi moja. Moja inafanya kazi, nyingine ya akiba. Kuna tenki la presha la lita 100 lenye mpira ndani. Presha swichi imesetiwa iwashe kwenye bar 2 na izime kwenye bar 3.5.

Pampu inawaka sekunde 2, inazima sekunde 6, inawaka tena. Mchana na usiku. Hata saa 8 usiku watu wamelala. Ndani ya miezi 14 zimebadilishwa presha swichi tatu na kapasita mbili, mota imesukwa waya upya mara moja.

Mkataba: shilingi 350,000 kwa mwezi, fundi anapita mara moja kwa mwezi, vipuri tunalipa pembeni. Mimi nasema mikataba ya namna hii imetengenezwa ili kitu kisipone. Abishe anayetaka.

#2 Kobe Mstaafu

Nimevuta kiti. Endeleeni.

#3 Mzee wa Geji

Katibu, kabla ya kuhukumu mtu nenda kwenye tenki la presha. Juu yake kuna kifuniko kidogo cha plastiki, ndani kuna sindano ya upepo kama ya tairi. Ibonyeze kwa ncha ya bisibisi. Ikitoa maji, mpira umepasuka. Isipotoa kitu, upepo umeisha. Ikitoa upepo mkavu, pima.

Kupima kuna utaratibu, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Zima breka. Funga koki ya kwenda kwenye flati. Fungua koki ya kumwagia maji hadi geji ishuke chini kabisa, tenki libaki tupu. Ndipo upime upepo kwa geji ya tairi. Ukipima tenki likiwa na maji unasoma presha ya maji, si ya upepo, na utaondoka umeridhika bure. Kama swichi inawasha kwenye bar 2, upepo uwe bar 1.8, yaani pungufu ya 0.2. Kwa geji za mitaani hiyo ni psi 26.

#4 Sifuri

Geji ya mfumo ikifunguliwa hewani inarudi sifuri?

#5 Ampea Tatu

Nijibu kuhusu vitu kuungua, maana hapo hakuna uchawi. Mzunguko wa sekunde 8 ni kuwaka mara 450 kwa saa, mara 10,800 kwa siku. Mota ya kilowati 1.1 fezi moja inakula ampea 7 au 8 ikishachanganya, lakini pale inapoanza kuzunguka inavuta mara tano au sita ya hizo. Mtengenezaji anaruhusu kuwaka makumi machache tu kwa saa, soma kitabu chake. Kapasita ya kuanzishia ndiyo inatangulia kufa, kisha waya wa mota unababuka.

Swali kwa Katibu: ule umeme wa mota unapita moja kwa moja ndani ya presha swichi, au swichi inaamuru kontakta (swichi nzito ya umeme) na kontakta ndiyo inabeba mota? Kama unapita ndani ya swichi, zile pointi ndogo zimekuwa zikichomelewa kila sekunde 8. Swichi tatu kwa miezi 14 kwa kazi hiyo ni uvumilivu mkubwa wa swichi.

#6 Koki Kuu

Mzee wa Geji amekimbilia tenki kama kawaida yake. Tenki linaeleza kwa nini mizunguko ni mifupi. Halielezi kwa nini presha inashuka saa 8 usiku. Lazima maji yaende mahali.

Kwenye seti ya pampu mbili mtuhumiwa wangu wa kwanza ni cheki vali (ile inayozuia maji yasirudi nyuma) ya pampu ya akiba. Pampu A inasukuma kwenye bomba la pamoja, cheki vali ya B haikai vizuri, maji yanarudi kinyumenyume kupitia B hadi kwenye tenki la paa. Maji yanazunguka tu, hakuna anayeoga. Kumjua ni rahisi: simama nyuma ya mota ya B, chungulia feni kwenye matundu ya kifuniko. Umeme umezimwa na feni inazunguka taratibu? Impela, lile gurudumu la ndani linalosukuma maji, inageuzwa na maji yanayorudi. Kinachoizuia kukaa ni kichembe tu, ute wa kutu au kipande cha tepu ya fundi aliyefunga nati kwa fujo.

#7 Mama Majengo

Msibadilishe kitu chochote kabla hamjagawa mfumo vipande. Alfajiri, saa 10 hivi, mtu awe paani na saa ya sekunde.

Kwanza mfumo kama ulivyo, hesabu muda kutoka kuwaka hadi kuwaka. Kisha funga koki ya kwenda flati, hesabu. Kisha funga na koki ya pampu ya akiba, hesabu. Kisha fungua ya flati huku ya akiba imefungwa, hesabu. Namba nne. Ziandikeni kwenye karatasi ibandikwe ndani ya mlango wa paneli. Kazi nzima ni dakika 30 na haina gharama, na kampuni yoyote ya sevisi ilipaswa kuwa imeifanya kabla ya swichi ya kwanza.

#8 Mkandarasi Mdogo

Ngoja niwatetee wenzangu kidogo. 350,000 kwa mwezi. Toa mafundi wawili na usafiri, toa nusu siku ya kukagua pampu za kisimani, pampu za paani, floti na paneli. Kinachobaki hakitoshi kumweka fundi paani saa 10 alfajiri na saa ya sekunde. Mnanunua mkataba wa kupita, halafu mnadai matokeo ya mkataba wa kukaa.

Na Katibu atuambie: jobu kadi, zile karatasi anazojaza fundi kila ziara, za hiyo miezi 14 zinasemaje? Mara nyingi fundi ameandika, kamati haijasoma.

#9 Kidevu

Mkuu #8 umejuaje kampuni ni ya wenzako? 😂

#10 Baharia wa Nyali

Hapa Mombasa majengo mengi yanatumia maji ya kisima cha kuchimba, yana chumvi. Cheki vali za shaba nyepesi zile za bei rahisi, springi yake inaliwa, kisha kile kisahani kinakaa upande. Koki Kuu yuko sawa, lakini asilaumu tepu pekee. Tia ile ya mwili wa shaba nzito na springi ya chuma kisichoshika kutu. Na keateka wa jengo afundishwe kuangalia lile feni, haihitaji fundi wa stima.

#11 Nati na Boliti

Kwa nini mnahangaika? Wekeni pampu ya invata. Inapunguza kasi yenyewe, hakuna presha swichi, hakuna kuwaka na kuzima. Biashara imeisha.

#12 Koki Kuu

#11, invata kwenye mfumo unaovuja itafanya hivi: inashuka kasi, inalala, presha inashuka, inaamka, inalala. Usiku kucha. Na bado inahitaji tenki dogo, upepo wake ukiwa kama asilimia 70 ya presha iliyosetiwa. Umehamisha ugonjwa kutoka kwenye swichi ya bei ndogo ukaupeleka kwenye bodi ya elektroniki ya bei kubwa, na paani Dar ambako hewa ya bahari inakula bodi.

#13 Nati na Boliti

Invata inalinda mota isikose maji na isizidiwe volti. Swichi yako inalinda nini?

#14 Ampea Tatu

Inalinda mfuko. Tuendelee.

#15 Katibu wa Ghorofa

Asanteni. Nimerudi na majibu, alfajiri ya leo tulikuwa paani mimi na mlinzi.

Mfumo kama ulivyo: sekunde 8.
Koki ya flati imefungwa: sekunde 21.
Koki ya flati na ya pampu ya akiba zote zimefungwa: geji ilishuka kutoka 3.5 hadi 3.1 kwa dakika 10, pampu haikuwaka.
Flati wazi, akiba imefungwa: sekunde 13.

Feni ya pampu ya akiba kweli inazunguka. Taratibu, kama feni ya dukani umeme ukiwa mdogo. Sindano ya tenki ilitoa upepo, mwishoni matone mawili matatu ya maji.

Ampea Tatu, umeme unapita ndani ya swichi. Hakuna kontakta.

Jobu kadi: ya Machi imeandikwa "tenki halina upepo, libadilishwe", kotesheni 780,000. Mwezi huohuo tuliuziwa swichi nyingine. Kotesheni ya tenki kamati haikupitisha kwa sababu kotesheni ilikuwa moja tu. Nakiri hilo.

#16 Mkandarasi Mdogo

Sina la kuongeza. 😌

#17 Mama Majengo

Usishangilie mapema. Kadi inasema libadilishwe, lakini haisemi upepo ulikuwa psi ngapi wala kama tenki lilimwagwa maji kabla ya kupima. Kadi isiyo na namba ni kukiri kwamba mtu alipanda ngazi, basi. Na mwezi huohuo wa Machi kampuni iliuza swichi nyingine ikijua tenki halina upepo. Fundi anayejua ugonjwa akaendelea kutibu homa anatakiwa aandike: "swichi hii itakufa tena msipotengeneza tenki." Sentensi moja hiyo ingeihamishia kamati mzigo wote.

Kuhusu namba zako, Katibu: mpo na mivujo miwili. Sekunde 21 ni cheki vali peke yake, 13 ni flati peke yake, 8 ni wote pamoja. Na kwa kuwa kipimo cha tatu kilisimama dakika 10, koki yenu ya flati inafunga vizuri na cheki vali ya pampu inayofanya kazi iko sawa. Hilo ni jambo la kushukuru kwa jengo la umri huo.

#18 Mzee wa Geji

Matone mawili matatu: mpira umetoboka. Kaburi.

#19 Koki Kuu

Mzee, mpira uliotoboka unatoa mchirizi. Matone ni unyevu uliopoa juu ya tenki. Upepo uliojazwa kwa kompresa ya kituo cha tairi una majimaji, kila mtu anayejaza tairi anajua.

#20 Mzee wa Geji

Tundu dogo linatoa matone. Kubwa ndilo linatoa mchirizi. Unataka nikuchoree?

#21 Darasa la Saba B

Naomba kuelimishwa. Upepo ukipungua tu, si tenki bado lina nafasi ya maji? Kwa nini sekunde 8?

#22 Mhandisi Kivuli

Swali la Darasa la Saba B ndilo swali la maana kuliko yote hapa.

Hesabu ya tenki ni moja: ongeza bar 1 ya anga kwenye kila presha, kisha gawanya. Tenki la lita 100, upepo 1.8, kuwasha 2, kuzima 3.5. Kwenye kuwasha lina maji lita 100 × (1 − 2.8/3.0), karibu 7. Kwenye kuzima ni 100 × (1 − 2.8/4.5), karibu 38. Tofauti lita 31. Hayo ndiyo maji ambayo flati zinakunywa pampu ikiwa imelala.

Sasa pampu ya ukubwa huo, tuseme inatoa lita 60 kwa dakika, ni lita 1 kwa sekunde. Inawaka sekunde 2 tu. Imeingiza lita 2, siyo 31. Kwa hiyo tenki haliingizi maji. Sababu inaweza kuwa mpira umejaa maji hadi juu, au njia ya kwenda tenkini imebanwa. Katibu, pima upepo kwa utaratibu wa #3, halafu angalia bomba linalounganisha tenki: ni inchi ngapi, na koki yake imekaaje?

#23 Sifuri

Na geji inarudi sifuri?

#24 Kidevu

Huyu na sifuri yake 😂 kama mwalimu wa hesabu aliyenisimamia darasa la nne.

#25 Katibu wa Ghorofa

Tumemwaga maji kama Mzee alivyoelekeza. Upepo: psi 9. Bomba la tenki ni la kunyumbulika la nusu inchi, koki yake mkono umelala katikati, si wazi si kufungwa. Mlinzi anasema ilikuwa hivyo tangu anaanza kazi.

#26 Mhandisi Kivuli

Psi 9 ni bar 0.62. Weka kwenye hesabu: kuwasha lita 46, kuzima lita 64. Tofauti lita 18. Yaani hata kwa upepo huo mdogo tenki lilipaswa kutoa lita 18 na pampu ipumzike dakika mbili na zaidi. Kwa hiyo, wakuu wa timu ya tenki, upepo haukuwa mkosaji mkuu. Ni ile koki. Pampu ikiwaka, maji hayapiti haraka kwenye tundu la nusu inchi lililobanwa nusu. Presha inaruka 3.5 pale swichi ilipo, swichi inazima, kisha presha inajisawazisha na tenki, inaanguka, swichi inawasha.

#27 Mzee wa Geji

Unategemea kwamba walimwaga maji yote. Mpira uliotoboka una maji upande wa upepo, hayo hayatoki kwenye koki ya kumwagia. Tenki likiwa na lita 70 za maji nyuma ya mpira, hesabu yako ya lita 100 ni hesabu ya tenki la lita 30. Tikisa tenki. Ligonge kwa kifundo cha kidole kutoka juu kwenda chini. Sauti ikibadilika katikati, nimemaliza.

#28 Koki Kuu

Hiyo ya kugonga nakuunga mkono. Mara moja kwa mwaka huwa unasema kitu.

#29 Mkandarasi Mdogo

Kuhusu nani alibana koki: wakati mwingine fundi anabana makusudi ili geji isitetemeke, mwenye jengo aache kulalamika. Anatibu mshale wa geji. Simtetei, naeleza tu.

Na kabla ya kununua tenki zima kwa 780,000, angalieni chini yake. Kama kuna flanji, yaani kifuniko cha chuma chenye boliti kuzunguka, mpira unatoka na kubadilishwa peke yake. Kama tenki limefungwa moja kwa moja bila flanji, halifunguki, hapo ni tenki jipya kweli. Boliti za flanji zikazwe kwa kuvuka upande hadi upande, si kwa kufuata duara, la sivyo mpira unajikunja na kuvuja siku hiyohiyo.

#30 Baharia wa Nyali

Lifti je? Jengo letu la ghorofa 7 lifti inasimama inchi mbili chini ya sakafu.

#31 Mama Majengo

Baharia, fungua uzi wako, hii ya pampu haijaisha. Lakini jambo moja: kwenu Kenya sheria ya usalama kazini ya 2007 inataka lifti ikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa kila miezi sita. Cheti cha mwisho ni cha lini? Kiombe kwa maandishi.

#32 Faida ya Jirani

Turudi kwenye mkataba, maana Katibu aliuliza na mmemwacha na masindano.

Tatizo la mkataba wenu ni kipimo. Unalipa kupita. Kupita kumefanyika, hela imelipwa, hakuna aliyevunja kitu. Andikeni upya hivi. Kwenye paneli fungeni kaunta mbili ndogo, moja ya saa za kufanya kazi na moja ya idadi ya kuwaka. Ni vitu vya bei ndogo. Fundi aziandike kila ziara, mlinzi aziandike kila Jumatatu. Kisha kifungu: kati ya saa 7 na saa 10 usiku pampu isiwake zaidi ya mara 10 kwa saa, ikizidi, kampuni ilete maelezo ya maandishi yenye vipimo ndani ya siku 5. Si faini. Maelezo. Fundi mzuri hapo hana hofu.

Vipuri vidogo, tuseme vyote chini ya 60,000, viingie ndani ya ada hata kama ada inapanda hadi 420,000. Hapo swichi ya nne inakuwa hasara yake, si yenu. Utaona anavyokuwa na hamu ya kujua kwa nini zinakufa.

Na tenganisheni muda wa kuitikia na muda wa kurudisha maji. "Tutafika ndani ya saa 4" haimaanishi maji yatatoka ndani ya saa 4. Paani kwenu muwe na akiba yenu wenyewe: presha swichi 1, kontakta 1, kapasita 1, cheki vali 1, sili ya pampu 1. Ndani ya ndoo yenye mfuniko, ufunguo kwa mlinzi.

#33 Mkandarasi Mdogo

Vipuri ndani ya ada ni kamari. Kampuni makini itaongeza bei kufidia, kampuni njaa itakubali kisha itakuwekea swichi za mtumba. Mimi ningebaki na vipuri pembeni, ila kipuri kilekile kikifa mara ya pili ndani ya miezi 6, kazi na kipuri ni juu ya kampuni. Kinafikia lengo lako bila kamari.

#34 Faida ya Jirani

Na kampuni itasema si kilekile, hiki ni cha modeli nyingine. Nimeona barua za namna hiyo. Lakini naipokea nusu.

#35 Mhandisi Kivuli

Wote mnaanzia mwaka huu. Mzizi uko kwenye makabidhiano. Jengo likikabidhiwa linatakiwa lije na kabrasha: michoro ya kilichojengwa kweli, vitabu vya mitambo, na karatasi ya majaribio inayosema upepo wa tenki ulikuwa ngapi, swichi ilisetiwa ngapi, mota ilivuta ampea ngapi. Kipindi cha uangalizi wa kasoro huwa miezi 6 hadi 12 na sehemu ya malipo ya mkandarasi inashikiliwa mpaka kiishe. Ile koki ya nusu inchi ilitakiwa ikamatwe hapo. Katibu, kabrasha lipo?

#36 Katibu wa Ghorofa

Kabrasha halipo. Kuna bahasha ya risiti za milango.

Maendeleo: tumefungua koki ya tenki yote, upepo tumejaza psi 26, koki ya pampu ya akiba imefungwa. Usiku wa kwanza pampu iliwaka kila dakika 6. Leo ni usiku wa tatu, kila dakika 4. Povu la sabuni kwenye sindano limetoa vipovu vidogo sana. Nimegonga tenki: sauti inabadilika, lakini chini kabisa, robo ya kimo.

Na wapangaji wa ghorofa ya 9 wanasema tangu tujaze upepo, maji ya bafuni yanakata ghafla kama sekunde moja kisha yanarudi. Zamani hayakuwa yakifanya hivyo.

#37 Koki Kuu

Sindano ndiyo inavuja. Koo ya sindano, kile kiini cha ndani, inafunguliwa kwa kile kifunguo cha fundi tairi, ya kubadilishia ni bei ya maji ya kunywa. Mzee, pole.

#38 Mzee wa Geji

Robo ya kimo ni maji nyuma ya mpira. Lita 25. Pole mwenyewe.

#39 Mhandisi Kivuli

Acheni hiyo kwanza, angalieni dakika 6. Lita 31 zinakwisha kwa dakika 6, ni lita 5 kwa dakika zinazoondoka kwenye flati 12 za ghorofa tatu za juu watu wamelala. Kwa siku ni lita 7,200. Kwa mwezi yuniti 216, yuniti moja ikiwa lita 1,000. Zidisha kwa bei iliyo kwenye bili yenu ya DAWASA, halafu mniambie kama 350,000 ya sevisi ndiyo iliyokuwa inawauma.

#40 Mama Majengo

Hivyo ni vyoo. Nunueni rangi ya chakula, matone kumi kwenye tenki la kila choo, msifulashi kwa nusu saa. Bakuli likipata rangi, mpira wa chini umechakaa. Likiwa safi lakini unasikia maji, ni floti: imepanda juu, maji yanamwagikia kwenye bomba la kati, na rangi haionyeshi hilo mara moja, kwa hiyo fungua mfuniko utazame. Anzeni ghorofa ya 9. Na kubalianeni mapema nani analipa: bomba la ndani ya flati ni la mwenye flati, lakini bili ya maji mnagawana wote, ndiyo maana hakuna anayeharakisha kutengeneza choo chake.

#41 Kidevu

Flati 12, na kila mtu atasema cha kwake kizima. Pelekeni na mwenyekiti.

#42 Ampea Tatu

Wakati mnasubiri vyoo, wekeni kontakta ya ampea 18 na ovalodi (kinga inayokata umeme mota ikizidiwa) iliyosetiwa kwa ampea za kwenye kibati cha mota, si za kukisia. Mota iliyosukwa upya, mara nyingi inavuta zaidi kidogo ya kibati, kwa hiyo pimeni kwa klampu ya ampea kwanza. Kazi ya saa mbili. Anayeifanya awe na leseni ya umeme ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), bima ya jengo itauliza siku ikiungua.

#43 Sifuri

Naomba kwa mara ya tatu. Fungeni koki ya chini ya geji, ilegezeni ipumue hewani, msome.

#44 Nati na Boliti

Jamani mjibuni huyu ndugu alale.

#45 Katibu wa Ghorofa

Sifuri, samahani mkuu. Nimeilegeza asubuhi hii. Haina maji, haina kitu, inasoma 0.6.

#46 Sifuri

Asante. Kwa hiyo "bar 2" ya kwenye #1 huenda ni 1.4, na 3.5 huenda ni 2.9. Upepo mmejaza 1.8 kwa geji ya tairi, ambayo ni nzima. Upepo umezidi presha ya kuwasha. Tenki linakauka kwenye 1.8, presha inaanguka ghafla hadi 1.4, pampu inachelewa kushika. Ndiyo ile sekunde moja ya ghorofa ya 9. Na mpira unajipiga kwenye sakafu ya tenki kila mzunguko.

#47 Mhandisi Kivuli

Lakini hiyo haielezi sekunde 8 za mwanzo.

#48 Sifuri

Sikusema inaeleza.

#49 Mzee wa Geji

Geji iliyopotea 0.6 chini si lazima ipotee 0.6 juu. Springi yake ikishachoka inaweza kuwa sawa kabisa kwenye 3. Katibu, fungeni geji mpya, ya kujazwa glisarini ili isitetemeke, kipimo 0 hadi 6. Kisha rudia namba zote nne za Mama Majengo, alfajiri.

#50 Katibu wa Ghorofa

Mlinzi anauliza kama kuna posho ya alfajiri.